Jua Halingoji Mgeni Rasmi

Utamaduni wa taifa si ngoma, mavazi na mashairi peke yake. Namna watu wanavyolima, wanavyozika, wanavyompokea mgeni na wanavyocheza, yote hayo ni utamaduni vile vile. Kwa hiyo hatudhani kwamba tunatoka nje ya shabaha ya mkusanyiko huu tukizungumza juu ya mbio. Hasa mbio ndefu za barabarani, ambazo siku hizi zimeenea katika mikoa yetu, na ambazo vijana wa shule za sekondari nao huingizwa. Tunakusudia kuzungumzia nusu marathoni, yaani mwendo wa kilomita 21 na mita 97 na nusu, na jua linalowaka juu ya vichwa vya wale wanaoukimbia. Tena tunasema mapema, ili msomaji asije akadhani kwamba tumekuja kusifu: tumekuja kugombana.

Tunagombana na mtindo mmoja na neno moja. Mtindo wenyewe ni ule wa kuanza mbio jua likiwa limekwisha panda, kwa sababu tu mgeni rasmi hajafika. Neno lenyewe ni "uvumilivu", jinsi linavyotumiwa kuufunika mtindo huo kama shuka jeupe linavyomfunika mgonjwa.

Tueleze kwanza kilichotufanya tushike kalamu. Jumamosi moja ya majira ya vuli tulikuwa miongoni mwa kamati ya mbio iliyokutana hapa Nyasura, katika mji wa Bunda. Ratiba, ambayo sisi wenyewe tuliiandika kwa mkono wetu, ilisema kwamba mbio zitaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Wanafunzi walifika kungali na giza. Wengine walikuwa wametembea mwendo mrefu, na tumboni hawakuwa na kitu ila chai ya rangi. Saa moja ikapita. Saa mbili ikapita. Tukaambiwa kwamba mgeni rasmi yu njiani. Vijana wakaruka-ruka kupasha miguu moto, wakachoka kuruka, wakaketi barabarani. Saa tatu ikapita. Mgeni akafika saa nne kasoro robo, akasalimia, akahutubia, akapiga picha. Na filimbi ya kuanza mbio ikalia jua likiwa limekwisha kuwa jua.

Ardhi iliyonyeshewa usiku ilikuwa ikitoa mvuke kama chungu kilichoepuliwa jikoni. Upepo wa ziwani ulikuwa bado haujaamka. Lilikuwapo fukuto ambalo hata sisi tuliokaa chini ya turubai lilitufanya tufungue vifungo vya mashati. Baada ya saa mbili na zaidi, yaani adhuhuri, wakaanza kuonekana wale wa nyuma. Na kati yao alikuwapo msichana wa kidato cha tatu. Alikuwa akiyumba, mara upande huu wa barabara, mara upande ule. Ilipobaki nusu kilomita hivi, aligeuka akaanza kukimbia kurudi alikotoka. Watu wakacheka. Kisha wakampigia makofi na kupaza sauti, "Kaza, mwanangu! Kaza!" Msemaji katika kipaza sauti akalitaja jina la John Stephen Akhwari, akasema kwamba Mtanzania haachi njiani alichokianza. Nasi chini ya turubai tukapiga makofi pamoja nao.

Msichana akaanguka. Aliyemwendea hakuwa mwanakamati, wala mwalimu, wala mgeni rasmi. Alikuwa mama mmoja muuza machungwa. Mama huyu aliiacha biashara yake, akachukua ndoo ya maji aliyokuwa akioshea matunda, akammwagia yule mtoto maji yote mwilini. Akawaamrisha vijana wambebe mpaka chini ya mwembe, akatuma maji mengine, akailowesha khanga yake akamfunika, akaanza kumpepea kwa kifuniko cha boksi. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Ilipita kama robo saa kabla msichana hajaweza kulitaja jina lake mwenyewe.

Alipona. Tunalisema hili mapema ili msomaji asisome makala haya kwa hofu. Lakini tunaongeza kwamba hakuponywa na matayarisho yetu. Mfukoni mwetu siku hiyo zilikuwamo beti tano tulizotunga kusifu uvumilivu, ambazo tulipangiwa kuzisoma wakati wa kutoa zawadi. Hatukuzisoma. Makala haya ndiyo tunayoyasoma badala yake.

Sasa na tuulize: msichana yule alishindwa na nini? Wengi waliokuwapo walisema kwamba alishindwa na moyo. Sisi tunasema hapana. Alishindwa na saa.

Mwili wa binadamu hukaa katika joto la nyuzi 37 hivi za Selsiasi, na haupendi kuondoka hapo. Mtu anapokimbia, nguvu anayoipata katika chakula haiendi yote miguuni. Sehemu ndogo, kiasi cha robo hivi au pungufu, ndiyo inayomsukuma mbele. Iliyobaki yote hugeuka joto. Kwa hiyo kila mkimbiaji ni jiko linalotembea. Njia kubwa aliyo nayo ya kulitoa joto hilo ni jasho. Lakini hapa ndipo wengi wanapokosea: jasho halipozi mwili kwa kutoka, hupoza kwa kukauka. Bibi zetu walilijua jambo hili bila ya kitabu, kwa sababu walikuwa na mtungi. Maji ya mtungi hupoa kwa kuwa udongo wake huvuja kidogo kidogo, na unyevu ule wa nje hukauka ukaondoka na joto. Lakini siku ya fukuto, hewa ikiwa imekwisha shiba maji, mtungi hautoi jasho likakauka, na maji yake hayapoi sawasawa. Mkimbiaji naye siku kama hiyo huchuruzika jasho mpaka viatu vikalowa, na watu wakamsifu kwa jinsi anavyojituma, kumbe jasho lile linadondoka chini bure bila ya kumsaidia lolote.

Hali kadhalika damu yake ina mabwana wawili. Misuli inaidai ilete hewa na chakula. Ngozi inaidai ilete joto la ndani nje lipate kutoka. Kadiri maji ya mwili yanavyopungua, ndivyo damu inavyozidi kushindwa kuwatumikia mabwana wote wawili. Joto la ndani likipita nyuzi 40, ubongo huanza kuvurugika. Mtu hujibu maneno yasiyohusu, hukasirika bila sababu, huyumba, huenda asikokujua. Yule msichana aliyegeuka na kukimbia kurudi nyuma hakuwa akichekesha. Alikuwa akitueleza kwa lugha ya pekee aliyobaki nayo kwamba akili yake inamtoka. Nasi tulimjibu kwa makofi.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya pwani. Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, watasema, katika Februari na Machi kabla ya masika, hapo kweli pana joto na unyevu wa kuogopwa. Lakini Mara iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake una ubaridi. Ni kweli. Lakini ubaridi wa usiku ni mali ya anayeutumia. Bunda iko kiasi cha nyuzi 2 tu kusini ya ikweta. Septemba na Oktoba, na tena Machi, jua la adhuhuri hupita karibu kabisa na utosi. Ziwa letu nalo, pamoja na neema zake zote, hutoa unyevu. Hewa njema ya alfajiri tuliyopewa bure siku ile, tuliitumia kumngojea mtu; kisha tukawapa watoto ile hewa mbaya iliyosalia.

Wapo pia watakaosema kwamba maji, kivuli na tahadhari ni mambo ya kigeni, na kwamba Mwafrika wa asili alikimbia juani bila ya kulalamika. Hawa ndio tunaotaka kugombana nao hasa, kwa sababu wanajidhania watetezi wa utamaduni wetu kumbe ni wachukuzi wa kasumba. Na waangalie historia. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1904, iliyofanyika katika mji wa St. Louis huko Marekani, marathoni ilianzishwa saa tisa alasiri, katika joto la nyuzi 32 hivi na vumbi jingi. Mkuu wa michezo hiyo, James Sullivan, aliwawekea wakimbiaji maji mahali pachache mno kwa makusudi, apate kuona mwili unavyohimili ukosefu wa maji. Walioanza walikuwa 32. Waliomaliza walikuwa 14. Mshindi, Thomas Hicks, alifikishwa mwisho kwa kunyweshwa njiani strikinini, ambayo ni sumu, pamoja na brandi. Na kati ya waliokimbia siku hiyo walikuwamo Waafrika wawili, Len Taunyane na Jan Mashiani, Watswana kutoka Afrika Kusini, Waafrika weusi wa kwanza kushindana katika Olimpiki. Walimaliza wote wawili: Taunyane wa 9 na Mashiani wa 12.

Miaka minane baadaye, mwaka 1912, marathoni ya Olimpiki ya Stockholm ilikimbiwa katika joto kali vile vile. Mreno mmoja, Francisco Lázaro, alianguka kabla ya kufika mwisho, akafa siku ya pili. Inasimuliwa kwamba alikuwa amejipaka mafuta mazito mwilini ajikinge na jua, na mafuta yale yakalizuia jasho lisitoke.

Basi huo ndio ukoo wa fikra isemayo kwamba kunywa maji ni udhaifu na kuogopa jua ni woga. Haukutoka kwa wazee wetu. Umetoka katika viwanja vya wageni, na wageni wenyewe wamekwisha uacha. Sisi tumeuokota jalalani, tukauvisha lubega, tukauita mila.

Wazee wetu walifanyaje? Mtu asiende mbali. Na atoke nje ya Nyasura wakati wa kulima. Atawakuta wakulima wakiwafunga ng'ombe wa plau kabla jua halijachomoza. Jua likipanda, ng'ombe hufunguliwa, wakapelekwa majini na malishoni. Hakuna mkulima mwenye akili anayelimisha ng'ombe wake adhuhuri ili kuwafundisha uvumilivu. Anajua kwamba ng'ombe atalala katika mfuo, na hasara itakuwa yake. Mvuvi wa dagaa naye hutoka usiku na taa zake, akarudi asubuhi. Haya si mambo ya uvivu. Ni elimu ya watu walioishi na jua hili vizazi kwa vizazi, wakafanya nalo mkataba. Je, si aibu kwamba katika nchi ambayo ng'ombe ana saa yake ya kufunguliwa, mtoto wa shule hana?

Tena lugha yetu yenyewe inatushuhudia. Waingereza huhesabu saa zao kutoka katikati ya usiku, watu wakiwa wamelala. Sisi Waswahili tunaanza kuhesabu pamoja na jua. Tunaposema saa moja ya asubuhi, maana yake jua limekwisha fanya kazi kwa muda wa saa moja. Tunaposema saa nne, tunasema kwamba limefanya kazi saa nne. Saa yetu ni kipimo cha joto. Mwenye kutangaza mbio za saa nne kwa Kiswahili, kama angelisikiliza neno lake mwenyewe, angelishtuka.

Turudi sasa kwa Akhwari, kwa maana jina lake ndilo lililotumiwa kumsukuma yule mtoto, na hatukubali jina kubwa namna ile litumiwe vibaya. Mwaka 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, John Stephen Akhwari alianguka akaumia goti. Alifungwa bendeji, akaendelea, akafika uwanjani akichechemea, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa mwisho wao. Taifa linamheshimu kwa haki. Lakini tusome hadithi yake yote. Kwanza, alitibiwa: wapo waliomfunga jeraha kabla hajaendelea. Pili, kilichoumia kilikuwa goti. Goti likiumia, akili hubaki, na mwenye goti anaweza kupima maumivu yake akaamua kwa hiari yake kuendelea au kuacha. Joto likimpanda mtu kichwani, akili ndiyo inayotangulia kuondoka. Hana tena wa kuamua ndani yake. Kumwambia mtu kama huyo "kaza" ni sawa na kumshauri mlevi aendelee kuendesha gari kwa kuwa safari imebaki fupi. Akhwari alichagua. Yule msichana wetu hakuwa na uwezo wa kuchagua. Na pale mtoto asipoweza kuchagua, mkubwa ndiye mwenye wajibu wa kumchagulia uhai.

Basi uvumilivu ni nini? Wahenga wamesema, "Mvumilivu hula mbivu." Methali hii huandikwa ubaoni shuleni, ikasomwa kana kwamba inasifu mateso. Haisifu mateso. Inasifu kungoja. Mvumilivu wa wahenga ni yule anayeliacha embe mtini mpaka wakati wake ufike, huku mwenye pupa akila bichi na kuumwa tumbo. Kiini cha methali ni wakati. Mwenye kuvumilia ni mwenye kuijua saa ya jambo; na kamati inayoanza mbio saa isiyo yake, hata ingehubiri uvumilivu mpaka jioni, imekula bichi.

Kama mtu anataka kuuona uvumilivu huo kwa macho, na aangalie yaliyotokea Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, katika marathoni ya wanaume ya mashindano ya dunia ya riadha. Hali ya hewa ilikuwa ya joto na unyevu, na wenye mashindano waliliona hilo mapema, wakairudisha nyuma saa ya kuanza kwa nusu saa, kutoka saa mbili mpaka saa moja na nusu asubuhi. Hakuna mkubwa aliyengojewa. Katika mbio hizo Alphonce Simbu, mwana wa Singida, alikaa katika kundi kilomita baada ya kilomita, akiuhifadhi mwili wake. Na nguvu aliyoiweka akiba aliitoa katika hatua za mwisho kabisa uwanjani. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Tofauti yao ilikuwa sehemu 3 tu katika 100 za sekunde moja. Hivyo ndivyo Tanzania ilivyopata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano hayo. Dhahabu hiyo ilipatikana katika joto, naam. Lakini kwa kuliheshimu joto.

Na asiyeliheshimu, joto halimjali hata usiku. Mwaka 2019, huko Doha, marathoni ya wanawake ya mashindano hayo hayo ilianzishwa karibu na saa sita ya usiku kwa kulikimbia jua. Hata hivyo fukuto la usiku ule liliwatosha: wanawake 68, wote wakimbiaji hodari, walianza, waliomaliza walikuwa 40. Kama mabingwa 28 walisimama njiani na hakuna aliyewaita waoga, mwanafunzi wa kidato cha tatu akisimama kwa nini aitwe mwoga?

Tusieleweke vibaya. Hatutaki taifa la watu wa kivulini. Tunaandika katika mkoa wa Mwalimu Nyerere, ambaye mwezi wa Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Tunaandika katika mkoa wa Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, aliyelitwalia taifa medali ya fedha katika mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980. Miguu ya nchi hii imefanya kazi, na tunataka iendelee kufanya kazi. Lakini nchi hii inajua pia gharama ya barabara. Mwaka ule ule wa 1967, kijana Seti Benjamin, aliyekuwa akitembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam kuliunga mkono Azimio lile, alifia njiani. Taifa lilimlilia na kumheshimu, kwa kuwa alitembea kwa ajili ya jambo kubwa. Je, tutamwambia nini mzazi ambaye mwanawe atafia njiani kwa ajili ya kombe la bati na picha ya mgeni rasmi?

Hapa tumemfikia mgeni mwenyewe. Hatumchukii. Mila yetu inamheshimu mgeni, na methali inasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini tuisikilize vizuri: mgeni huja ili mwenyeji apone, si ili mwenyeji azimie. Mgeni ambaye kuja kwake kunamwangusha mtoto wa mwenyeji, ameigeuza methali juu chini. Tena kosa si lake peke yake, pengine si lake kabisa. Mara nyingi yeye hajui kwamba vijana wamesimama tangu alfajiri, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia. Sisi tunaoandaa ndio tunaoogopa. Tunaogopa kupiga filimbi kabla ya mkubwa kuketi, hatuogopi mtoto kuanguka. Na kuogopa cheo kuliko kuogopa mauti ya mtoto ni mabaki ya utumwa, hata kama tunayaita adabu. Dawa yake ni rahisi. Mgeni rasmi na aalikwe mwisho wa mbio, si mwanzo. Akiwahi, atatoa zawadi. Akichelewa, zawadi zitamngoja, kwa sababu kombe halipatwi na joto. Na akipenda kuwapo mwanzoni, avae viatu akimbie nao.

Kwa walimu, ambao ndio watakaoachiwa watoto hawa mikononi, tunasema haya. Mbio zianze mwanga unapotosha kuona barabara, saa kumi na mbili ya asubuhi au karibu na hapo. Na ikiwa imefika saa mbili hazijaanza, ziahirishwe, au zifupishwe ziwe za kilomita chache. Maji yawekwe njiani kila kilomita 5 hivi, na siku ya fukuto karibu zaidi. Ya kunywa na ya kujimwagia. Mwanafunzi anywe anapohisi kiu, asinyimwe. Wala asilazimishwe kujaza tumbo, kwa kuwa maji mengi kupita kiasi huipunguza nguvu ya chumvi katika damu, na hilo nalo huua. Anayetoka katika baridi apewe siku 10 hadi 14 za kuuzoeza mwili joto kidogo kidogo, mpaka ujifunze kutoa jasho mapema. Joto halifundishwi kwa siku moja. Mwisho wa mbio pawe na kivuli na mapipa ya maji. Na awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kumtoa mkimbiaji barabarani, na amri yake isipingwe na kipaza sauti.

Mtoto akiyumba, akisema ovyo au akianguka juani, msimpakie kwanza katika gari la moto mkaanza kutafuta hospitali. Mpozeni pale pale: kivulini, maji mengi ya baridi mwili mzima, apepewe bila kukoma, mpigieni simu mganga wakati kazi hiyo ikiendelea, kisha ndipo asafirishwe. Kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Mama muuza machungwa wa Nyasura aliyafanya haya bila kufundishwa na mtu. Hatuoni kwa nini mwenye shahada ashindwe.

Na kwenu, vijana mnaosoma makala haya darasani. Kuna ushujaa wa kufika na kuna ushujaa wa kusimama. Siku kichwa kitakapoanza kukuuma, ukahisi baridi katikati ya jua, ukaona barabara inacheza, simama. Mwenzako akiyumba mbele yako, mshike mkono umtoe, hata kama utapoteza nafasi yako. Barabara ya Nyasura itakuwapo kesho, na mbio zitakuwapo mwakani. Mwenye kuacha leo ili akimbie tena, hajaacha, amengoja mbivu.

Zile beti tano tulizichana. Badala yake tumetunga ubeti mmoja tu, na tungefurahi kama ungeandikwa ukutani katika kila ofisi inayopanga ratiba za mbio:

Jua halina subira, halimngoji mgeni,
Likipanda lina ghera, huingia hadi ndani,
Mwenye mbio na busara, hutangulia njiani,
Kombe juu ya hasara, latufaa jambo gani?